Hadi Nairobi kufuata besi

Kabla ya safari hii Nairobi niliijua kwa televisheni na kwa hadithi za shemeji yangu, mwenye Hiace ya abiria ya Likoni–Ukunda. Yeye hakuwa anakwenda kutembea. Sabufa yake ilikuwa imeungua, ya pili kufa ndani ya gari hilohilo, naye akaapa kuwaona mafundi wanaofunga muziki kwenye nganya, yale matatu yanayosikika kabla hayajaonekana. Nikaomba kiti cha mbele.

Tuliondoka bado giza. Kupanda Mazeras akawasha muziki kwa sabufa iliyobaki, nami nikaona jambo ambalo mchana lisingeonekana: kila besi ikigonga, taa za dashibodi zinafifia, kisha zinarudi. Shemeji alishazizoea. Kwake ilikuwa dalili ya muziki wenye nguvu.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na malori hayaishi. Ukiyapita matano, kumi yanakungoja mbele. Baada ya Maungu nyika ilifunguka pande zote. Ng'ambo ya reli nikaona ndovu wekundu kama udongo wa Tsavo wenyewe, nikawa nageuka hadi shingo ikauma. Mtito Andei tulikula haraka. Mlolongo tukaingia foleni, kando yetu magari yakiteleza kwenye ile barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022. Shemeji aliitazama mara moja tu, akasema pesa zake ni za amplifaya.

Luthuli Avenue haina pa kuegesha, kwa hiyo gari tuliliacha kwa fundi Kirinyaga Road, ambako wazee bado wanasema Grogan, tukaenda kwa miguu. Duka hadi duka, maboksi yamepangwa mpaka dari, na kila boksi linajigamba: wati 1500, wati 3000. Kila muuzaji anajaribu spika zake wakati huohuo na jirani yake. Shemeji alikuwa ashapenda moja ya 3000 na karibu alipe. Nashukuru bei ilimshinda, tukarudi kwa fundi mikono mitupu.

Fundi alikuwa kijana mwembamba, mita ya umeme shingoni. Hakuuliza wati. Alikwenda kwenye amplifaya ya zamani, iliyoandikwa 2000, akachomoa fyuzi zake: mbili, za ampea 20 kila moja.

"Mzee, hesabu na mimi. Ampea 40, volti 14 kasoro. Inayoingia ni wati 550 hivi. Na hii ni ya aina ya AB, karibu nusu inakuwa joto. Utatoaje 2000?"

Shemeji akanyamaza. Kumbe ile 2000 ni ya kufumba na kufumbua, tena kwa ukarimu wa mwenye kuchapa boksi. Kinachofaa kusomwa ni wati za RMS, zile ambazo mashine inaweza kuzitoa na spika kuzibeba mfululizo. Sabufa zetu zilikuwa za 300 RMS kila moja, amplifaya nzima ikitoa kama 280.

Hapo mimi nikauliza: sasa kilichoziunguza ni nini, ikiwa umeme wenyewe ni mdogo? Fundi akaichukua ile iliyokufa, akakata koni kwa kisu, akavuta koili. Waya ulikuwa mweusi, varnishi imebabuka, harufu yake kali. Amplifaya ndogo ikilazimishwa, akasema, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa. Sauti inakwaruza, moto unaoingia kwenye koili unazidi hata zile wati amplifaya ilizopimiwa, na koili haipati nafasi ya kupoa. Geini ilikuwa imezungushwa hadi mwisho.

Akapendekeza amplifaya ya aina ya D, 600 RMS kwa omu 2. Sabufa mbili za omu 4 zikiungwa sambamba zinakuwa omu 2, kwa hiyo kila moja inapata 300 zake. Shemeji akataka aongeze ya tatu, anayo nyumbani. Fundi akakataa: zingeshuka hadi omu 1.3, na mashine hiyo haiwezi chini ya 2. Basi tununue ya 1200? Sikio, akajibu, litapata desibeli 3 tu za ziada, na alteneta italia. Hata hii ya 600 besi ikigonga kwa nguvu zote huvuta ampea zipatazo 54. Zile nganya kubwa zilizojengwa juu ya lori za Isuzu zina shida yao nyingine: umeme wake ni volti 24, na asiyefunga kipunguza volti, akachota kwenye betri moja tu, huzimaliza zote mbili.

Pesa nyingi, kwa maoni yangu pesa nzuri, zilikwenda kwenye waya mnene wa shaba tupu na fyuzi iliyowekwa kiganja kimoja kutoka kwenye betri. Kisha ikaja kazi niliyoipenda kuliko zote. Fundi alizitenga spika, akacheza mlio mmoja wa hezi 50, redio kwenye robo tatu ya sauti, mita kwenye njia za kutokea. Akazungusha geini kwa bisibisi ndogo, polepole, 20, 28, 33. Kwenye 34 na nukta kadhaa akaacha.

"Wati mara omu, tafuta kipeuo chake. Mia sita kwa mbili. Usimruhusu mtu aiguse."

Tulizunguka hadi Ngara giza likiingia. Taa za dashibodi zilitulia. Besi ilikuwa safi kiasi kwamba tukaanza kusikia mengine: kibao cha namba kinatetemeka, mlango wa nyuma unalia, bati la paa linajibu. Shemeji aliegesha, akazima, akamtazama fundi.

"Hiyo ni kazi ya kesho, mzee," fundi akasema, akaanza kutaja bei.