Kifaa Kinapokosekana Katika Somo la Umeme

Walimu wa sayansi twazoea kuahirisha jaribio kwa kuwa kifaa kimoja hakipatikani. Sisi twaona hapo ndipo somo huanza.

Betri ya risasi ya volti 12 ndiyo iwashayo taa za wanachuo wetu usiku, umeme ukatikapo. Ikichajiwa kupita kiasi, maji yake hukauka. Ikikaa na chaji pungufu, bamba zake huota salfeti, nayo ikafa mapema. Hivyo wanachuo waliunda saketi ya kuitunza, kwa kidhibiti volti LM317.

Mchoro ulidai rezista ya omu 2400 pamoja na ile ya 240. Ya kwanza haikupatikana madukani. Tuliwauliza si jina lake bali kazi yake. Katika redio mbovu walipata mbili za omu 4700. Zilipounganishwa sambamba zilitoa 2350, na volti zikasimama karibu 13.6, kiasi kifaacho betri hiyo. Badala ya diodi 1N4001 walitia 1N4007, kwani zote hubeba ampea 1.

Mwanachuo mmoja alileta 1N4148, akidai diodi ni diodi. Hatukumkatalia, tulimpa jedwali la vipimo. Alipoona haibebi hata nusu ampea, aliirudisha sandukuni mwenyewe.