Stesheni ya Mwisho wa Reli, Mombasa

Mkazi wa Ziwa la Ng'ombe, katika bara ya kaskazini ya Mombasa, aliyesafiri kwenda Nairobi zamani, alivuka maji mara moja tu ndipo akaifikia stesheni. Tangu mwaka 1931 alipita daraja la Nyali lililoelea, na tangu 1980 daraja la saruji lililochukua mahali pake. Akaingia kisiwani, na gari la moshi likamngojea huko.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901. Katika stesheni ya mwisho reli haipiti, hukoma. Injini iletayo mabehewa huzuiwa kati yake na ukomo wa njia; sharti ifunguliwe, irudishwe kwa reli ya pembeni, ndipo mabehewa yatengenezwe kwa safari nyingine. Jioni abiria wa madaraja matatu walitafuta mabehewa yao jukwaani, gadi akapiga filimbi, na gari likavuka Makupa kuelekea bara.

Mwaka 2017 safari hizo za usiku zilikoma, na reli mpya ya abiria ikaanzia Miritini. Gari lake hufika Nairobi kwa muda wa saa tano hivi, badala ya usiku kucha. Lakini mtu wa Ziwa la Ng'ombe apitaye mjini huvuka Nyali, hukikata kisiwa, kisha huvuka Makupa kabla ya kuiona stesheni. Basi mwenye busara huhesabu safari yake tangu mlangoni pake, si tangu filimbi ya gadi.