Kadi Iko Likoni

Basi liliondoka Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, nami nimepakata boksi la kadi ya mtandao kama niliyeachiwa mtoto wa jirani. Nilikuwa nimezihudumia seva za Mombasa miaka minne bila kuikanyaga Mombasa. Nilizijua kwa anwani zake na kwa ukaidi wake. Zimekaa kwenye jengo la namna gani, hilo sikulijua.

Kilichonitoa Dar ni malalamiko. Mteja wetu mmoja alikuwa na kituo cha kupokea simu, na kila ikifika jioni sauti zilikuwa zikikatika-katika. Swichi pepe, yaani ile programu inayopokea pakiti na kuzigawia mashine pepe zilizomo ndani ya seva moja, ilikuwa ikizidondosha. Ofisini tukakata shauri kwamba kadi ya gigabiti 10 imezidiwa. Ikanunuliwa ya gigabiti 25, nikaambiwa niipeleke mwenyewe na nisimame hapo hapo mpaka ifungwe.

Nilikuwa nimechapisha makala ya mwaka 2015 ya Ben Pfaff na wenzake, wanaoeleza jinsi walivyoijenga Open vSwitch, swichi tunayoitumia sisi na nusu ya watu ninaowafahamu kwenye kazi hii. Niliianza Chalinze; kufika Muheza, wauza machungwa wanagonga vioo, nilikuwa nimeirudia mara mbili. Hila yao ni nyepesi kuieleza. Pakiti ya kwanza ya mazungumzo hupandishwa juu, kwenye programu yenye sheria zote, ikaamuliwa iende wapi. Uamuzi huo huwekwa chini, ndani ya kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi, na pakiti zinazofuata hazipandi tena. Baadaye wakaona hata hivyo haitoshi, kwa kuwa mazungumzo mapya yalikuwa yakimiminika kwa maelfu, wakaanza kuweka uamuzi mmoja unaofaa kwa kundi zima la mazungumzo yanayofanana.

Sisi tulikuwa tumekwenda mbali zaidi na kuiacha kerneli kabisa. Tulitumia DPDK, maktaba iliyoanzia Intel mwaka 2010, ambayo huipa programu kadi ya mtandao moja kwa moja. Badala ya kadi kuishtua prosesa kila pakiti inapoingia, viini kadhaa vya prosesa hutengwa, kazi yao ikawa moja tu: kuichungulia kadi mfululizo, kuna kitu au hakuna. Ndiyo maana viini hivyo huonekana vinatumika kwa asilimia 100 hata usiku wa manane. Mara ya kwanza nilipoliona hilo niliwapigia simu watu waliolala. Yaliyonipata baada ya hapo tuyaache.

Kinachowafanya watu wakubali gharama hiyo ni hesabu. Mlango wa gigabiti 10 ukijazwa pakiti ndogo kabisa, za baiti 64, hupitisha pakiti milioni 14.88 kwa sekunde. Kila pakiti ina nanosekunde 67 tu. Kwa prosesa ya gigahezi 3 hayo ni mapigo 200 hivi, na kuchota kitu kwenye memori, ikiwa hakimo kwenye kache, huweza kuyala yote.

Mpakani Horohoro tulishushwa wote. Ofisa mmoja akalifungua boksi, akautoa ule mfuko wa rangi ya fedha, akaugeuzageuza.

"Hii nini?"

"Kadi ya mtandao, mkuu."

"Ya simu?"

Nikamwonyesha risiti. Akaitazama bei, akanitazama mimi na viatu vyangu, akanigongea karatasi. Upande wa Lunga Lunga hawakuuliza kitu. Likoni abiria tukashuka tena, tukasimama kwenye ule umati unaosubiri feri, gari likaenda kwenye foleni yake. Kisiwa cha Mombasa kiko pale pale, unaona mtu anakunywa chai ng'ambo, lakini feri haijaja. Tulisimama dakika arubaini.

Fundi aliyenipokea ni mtu mzima, kila mtu pale humwita Mwalimu kwa sababu alifundisha umeme kabla ya kuingia kwenye seva. Nikamwamkia, akaitikia "marahaba", kisha kabla ya jambo lolote akanikalisha mbele ya mahamri na mbaazi. Usiku, mashine pepe zilipokuwa zimehamishiwa seva ya jirani, tukaingia chumba cha seva.

Sikutarajia kelele ile. Nyuma ya makabati upepo ulikuwa wa joto kama pumzi ya jiko, na Mwalimu alikuwa akiongea nami kwa ishara. Seva yetu ilikuwa ya nne kutoka chini. Akaizima, akaivuta kwenye reli zake, akafungua kifuniko. Nikainama. Prosesa mbili, kila moja chini ya chuma chake cha kupozea, moja huku na moja kule, na kila moja imezungukwa na vipande vyake vya memori. Kadi ya zamani ilikuwa imechomekwa kwenye nafasi ya prosesa ya kwanza.

"Swichi yenu mmeipa viini gani?" akauliza karibu na sikio langu.

"Kumi hadi kumi na tatu."

"Na viini sifuri hadi tisa ndivyo vya hii hapa?"

"Ndiyo."

Akaweka kidole kwenye kadi, akakipeleka kwenye prosesa ya pili, akakirudisha. Kama shubiri moja na nusu. "Kadi iko Likoni," akasema, "watu wa kuipakua mumewaweka kisiwani. Na mashine pepe?"

Mashine pepe zilikuwa kwa prosesa ya kwanza. Nilizipanga hivyo mimi mwenyewe, ili swichi isigombanie viini nazo. Basi kila pakiti ilikuwa inaingia upande huu, inavushwa kushughulikiwa ng'ambo, kisha inavushwa tena kurudi. Mara mbili, ndani ya nanosekunde 67.

Sitajitetea kwamba nilikosa habari. Logi ilikuwa na onyo la mstari mmoja tangu siku ya kwanza: foleni za kadi zimekosa mhudumu upande wa sifuri, yaani kwenye prosesa ya kwanza, zimepewa wa upande wa moja, kasi huenda ikapungua. Nilikuwa nimelisoma zaidi ya mara moja. Lile neno "huenda" ndilo lililonipumbaza. Na upande wa sifuri, kwangu mimi, ulikuwa namba tu.

Tukafunga kifuniko bila kuchomeka kadi mpya. Viini vya swichi huandikwa kwa namba moja. Yetu ilikuwa 0x3c00, yaani kiini cha 10 hadi cha 13. Nikafuta sifuri mbili za mwisho. 0x3c ni kiini cha 2 hadi cha 5, jirani na kadi. Ili kupata nafasi ilibidi baadhi ya mashine pepe zihamie prosesa ya pili, nikachagua zile za kuhifadhi kumbukumbu ambazo hazipokei pakiti nyingi. Hizo sasa ndizo zinazovuka, na sijasikia zikilalamika.

Jioni ya kesho yake tulikaa mbele ya skrini, Mwalimu na birika lake. Saa moja, simu zikaanza kumiminika. Hesabu ya pakiti zilizopokelewa ilikuwa ikikimbia mpaka tarakimu hazisomeki. Ya zilizodondoka ilikuwa imesimama. Saa mbili imesimama. Saa tatu Mwalimu akaenda kuswali, akarudi, akaitazama, akasema usiiguse tena.

Bosi alipopiga simu alitaka kujua kama kadi mpya inafanya kazi. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza kama nimesafiri kilomita 500 kufuta sifuri mbili.

Horohoro nilimkuta ofisa yule yule. Akalitambua boksi.

"Imekataa?"

"Haikufungwa, mkuu."

Akaomba risiti upya.