Ajenda ya Tatu

Karani wa vikao ndiye mtu pekee ukumbini anayelazimika kusikiliza kila kinachosemwa kwenye Baraza la Madiwani. Wengine wana nafasi ya kupumua. Mwenyekiti atanong'onezana na katibu wake, mkuu wa idara atapitia tarakimu zake akisubiri kuitwa, diwani aliyesafiri usiku kucha juu ya magunia ya korosho atasinzia kidogo. Karani anaandika. Kazi hiyo niliifanya ujana wangu wote na sehemu kubwa ya utu uzima, katika wilaya moja ya kusini mwa Tanzania, tangu halmashauri za wilaya ziliporudishwa mwaka 1984.

Nasema ziliporudishwa kwa sababu vijana wengi hudhani zilikuwepo siku zote. Mwaka 1972 serikali ilizivunja kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanashuka kwa wananchi, lakini aliyeshuka alikuwa mtumishi wa serikali kuu, akakaa mkoani na wilayani na kuamua mambo ambayo zamani yaliamuliwa na watu waliochaguliwa. Barabara za vijijini, zahanati na shule za msingi ziliendeshwa hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Ndipo ikaja Sheria Namba 7 ya mwaka 1982, na miaka miwili baadaye halmashauri zikaanza upya. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema mwaka huohuo wa 1984 kwamba kama angeanza tena, kufuta serikali za mitaa na kuvunja vyama vya ushirika ni mambo mawili ambayo asingeyafanya. Sisi tulioajiriwa siku zile tuliyachukua maneno hayo kwa uzito. Tulijiona tumepewa kazi ya kurekebisha jambo.

Tulianza na vichache. Jengo lilikuwa la halmashauri ya zamani, lililogeuzwa ghala. Mhudumu mmoja mzee, aliyekuwapo kabla ya 1972, alitutolea kwenye stoo vitabu vya muhtasari vya miaka ya sitini alivyovificha ili visichomwe wala kufungiwa karanga sokoni. Vimeandikwa kwa mkono, wino wa bluu, mwandiko wa kupendeza. Kutoka humo nilijifunza namna ya kuandika: suala lililoletwa, nani alilileta, hoja kwa ufupi, kisha mstari unaoanza na neno "Iliazimiwa". Hakuna muhtasari mzuri bila mstari huo. Maneno yote ya saa sita yanapita, huo unabaki.

Baraza lilikutana kila baada ya miezi mitatu, lakini maandalizi hayakuwa na mapumziko. Kabla ya Baraza kuna kamati, na kamati muhimu kuliko zote ilikuwa ile ya fedha, iliyokutana kila mwezi. Taarifa za idara zilifika kwangu kwa kuchelewa, zimeandikwa nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, maana karatasi zilikuwa adimu. Nilizichapa kwenye stensili. Stensili haisamehe: ukikosea herufi unapaka ule wino mwekundu wa kurekebishia, unasubiri ukauke, unachapa tena taratibu usije ukaitoboa. Halafu mashine ya kudurufu, ya kuzungusha kwa mkono, na mikono inakuwa myeusi hadi kwenye viwiko. Kila diwani alitakiwa apate kabrasha lake siku kadhaa kabla ya kikao ili asome. Tulilituma kwa basi, kwa lori la chama cha ushirika, kwa mwalimu anayerudi kituoni kwake. Kata za mbali zililipata likiwa limechelewa au halikufika kabisa, na diwani wake alikabidhiwa mlangoni asubuhi ya kikao, kurasa themanini, akiwa bado na vumbi la safari kichwani. Jambo hilo linaonekana dogo. Nimeishi na kuona kwamba si dogo hata kidogo.

Siku ya kikao, utaratibu ulikuwa uleule. Tunasimama, Mwenyekiti anaingia na joho lake, tunakaa. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Ya tatu, yatokanayo, yaani utekelezaji wa yale yaliyoazimiwa kwenye vikao vilivyopita. Baada ya hapo ndipo zinakuja taarifa za kamati, makisio ya mapato na matumizi, sheria ndogo, na mengineyo. Mkurugenzi Mtendaji ndiye katibu wa Baraza. Yeye hujibu, lakini hana kura. Wakuu wa idara walikaa nyuma yake wakiwa na mafaili magotini. Mbunge naye ni mjumbe, akiwepo. Kura zilipigwa kwa nadra, zaidi tulipomchagua makamu mwenyekiti kila mwaka. Mambo mengine Mwenyekiti alihoji, "Wanaoafiki?" na ukumbi ukaitika.

Ukumbi ulijaa kweli siku ya kujadili kodi ya maendeleo. Hiyo ilikuwa kodi ya kichwa iliyorudi na halmashauri, na kiwango chake kilipangwa na Baraza lenyewe. Watu wa leo hawawezi kujua uchungu wake. Watendaji na mgambo waliweka kamba barabarani alfajiri, wanaume wakalala mashambani msimu mzima, mtu akaenda mnadani akaacha baiskeli yake kwa kukosa stakabadhi. Diwani aliyeinua kiwango Jumatano alikutana na wapiga kura wake Ijumaa msikitini. Kwa hiyo walibishana, na walibishana vizuri. Nimewahi kuandika mjadala wa kodi hiyo tangu asubuhi mpaka taa za karabai zikawashwa. Nilijivunia Baraza letu siku hizo. Kodi ile ilifutwa nchi nzima mwaka 2003, na sikusikia mtu aliyeililia, ingawa halmashauri zilibaki zikitegemea ruzuku ya serikali kuu kuliko zamani.

Lakini baada ya mjadala huo mrefu, watu wamechoka na njaa inauma, Mwenyekiti aliita taarifa ya kamati ya fedha. Kurasa za mwisho za kabrasha. Humo mna kasma (vifungu vya fedha kwenye makisio) na bakaa, na mna orodha ya uhaulisho, yaani fedha zilizoombwa zitoke kwenye kifungu kimoja ziende kingine. "Wanaoafiki?" Ukumbi uliitika. Dakika mbili, pengine tatu.

Sasa nimtaje diwani mmoja, ambaye jina lake silisemi kwa kuwa wanawe wapo na hawajaniruhusu. Kata yake ilikuwa ng'ambo ya kijito kinachokauka kiangazi na kufurika mvua zinapoanza. Kule kwetu korosho huvunwa kuanzia Oktoba, na mvua huanza Desemba. Kata ile ilikuwa na mikorosho mingi kuliko kata nyingi, na ushuru wa korosho zake uliingia kwetu kila mwaka. Ila lori likichelewa wiki mbili tu, halivuki tena. Korosho zinakaa kwenye ghala la chama cha msingi, zinapata unyevu, zinashushwa daraja, mkulima anapunjika na ushuru wa halmashauri unapungua pamoja naye. Mzee huyu aliomba kalvati. Hakuomba daraja la zege lenye nguzo. Kalvati, na kifusi pande zote mbili. Baraza likakubali. Nakumbuka mstari wangu: "Iliazimiwa kwamba kalvati lijengwe kabla ya msimu ujao na gharama ziingizwe kwenye makisio." Zikaingizwa. Niliziona, kasma yake, tarakimu zake.

Msimu ukaja ukapita. Kwenye yatokanayo, Mkurugenzi alijibu, "Utekelezaji unaendelea." Mzee alishukuru akakaa. Kikao cha pili, jibu lilelile. Cha tatu pia. Mwaka wa pili fedha zikaingizwa upya kwenye makisio, na majibu yakawa yaleyale. Madiwani wenzake walianza kumwita Mzee Yatokanayo, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kuchoka naye, maana ajenda ile ilitakiwa ipite upesi ili watu wafike kwenye mambo mapya yenye kuwaletea sifa katani.

Halafu siku moja akaja ofisini kwangu kabla ya kikao. Alikaa kwenye benchi, kofia mapajani, akaniambia, "Mwanangu, wewe unaandika yote. Nionyeshe kila pahali lilipoandikwa kalvati langu." Muhtasari uliothibitishwa ni haki ya diwani kuuona, nikamtolea majalada. Alisoma taratibu, kidole juu ya mstari, siku nzima, na kila alipolipata akaandika namba ya muhtasari kwenye daftari la shule. Jioni akauliza na yale ya kamati ya fedha. Nikampa.

Kesho yake, ajenda ya tatu, alisimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nisome." Akasoma azimio la kwanza na tarehe yake. Akasoma jibu. Akasoma la pili na jibu lake. Hakupandisha sauti wala hakumshutumu mtu. Alipofika la mwisho, akasema, "Sasa naomba nisome kurasa ambazo hatuzisomi." Akasoma uhaulisho wa mwaka wa kwanza: fedha za kalvati zimehamishwa kwenda matengenezo ya gari la halmashauri. Mwaka wa pili: zimehamishwa kwenda posho na masurufu ya safari. Kamati ilipendekeza, Baraza liliridhia, saini zipo. Kisha akasema maneno ambayo niliyaandika neno kwa neno, ingawa muhtasari hautaki hivyo: "Waheshimiwa, hakuna aliyeiba. Sisi wenyewe tuliitika ndiyo, na mimi nimo."

Ukumbi ulikaa kimya. Mweka Hazina alifungua faili lake akalifunga. Mimi nilimwangalia Mkurugenzi, nikaona hakukasirika; nadhani naye alikuwa anayasikia yote kwa mfululizo kwa mara ya kwanza. Maana ndivyo ilivyokuwa. Kila mmoja alikuwa ameona kipande chake. Mhandisi aliona hana fedha, Mweka Hazina aliona gari limekufa na wagonjwa wanahitaji chanjo zifikishwe, kamati iliona ombi lenye sababu, Baraza likaona saa imekwenda. Kila uamuzi ukiusoma peke yake una sababu nzuri. Maamuzi yote yakiwekwa pamoja, kata nzima imelipa ushuru miaka miwili kwa barabara isiyopitika.

Ninasisitiza hili kwa sababu watu wakizungumzia halmashauri huzungumzia wizi, na wizi upo, wakaguzi wanauandika kila mwaka. Lakini katika miaka yangu yote mezani pale, mambo mengi yaliyokufa hayakuuawa na mwizi. Yalikufa kati ya azimio na kasma, kwenye ukurasa ulioletwa mlangoni asubuhi na kupitishwa jioni.

Siku ile Baraza liliazimia mambo mawili. Kwanza, uhaulisho wowote unaogusa mradi wa kata usipite bila diwani wa kata hiyo kuitwa mbele ya kamati akasikilizwa. Pili, yatokanayo yaletwe kwa jedwali, si kwa mdomo: namba ya azimio, mhusika wa utekelezaji, kasma, kiasi kilichotoka, tarehe. Jedwali hilo nililichora mimi kwenye stensili kwa rula na kalamu yake ya chuma, nikiharibu kadhaa kwanza, kwa sababu mistari mirefu huchana nta. Lilipokwenda kwa madiwani mara ya kwanza, safu ya kiasi kilichotoka ilikuwa na sifuri nyingi mno. Wakuu wa idara wawili waliniomba niiache safu hiyo wazi mpaka watakapopata taarifa kamili. Nikawaambia Baraza ndilo lililoazimia iwepo, na sifuri nayo ni taarifa.

Hatukuwa malaika baada ya hapo. Yapo maazimio yaliyokaa kwenye jedwali hadi karatasi zikapauka. Fedha zilikuwa kidogo kweli, na ruzuku ilipochelewa hata mishahara ya walimu ilisuasua. Katikati ya miaka ya tisini, madiwani wa vyama vingi walipoingia kwa mara ya kwanza, baadhi yao walilitumia jedwali kama fimbo ya kumchapia mwenyekiti, na lilifaa kwa hilo pia. Maboresho ya serikali za mitaa ya mwisho wa miaka ya tisini yalileta fomu nzuri kuliko zetu na semina za kuzijaza. Siku hizi makabrasha yanasomwa kwenye vishikwambi, na hakuna anayekabidhiwa mlangoni. Nilipokwenda mwaka juzi kuketi kama mwananchi, maana vikao vya Baraza viko wazi kwa yeyote, nilisikia "utekelezaji unaendelea" kabla ya saa nne asubuhi, na hakuna diwani aliyeuliza kasma. Niliumia. Kijana aliyekaa na mimi, mwandishi wa habari, aliniuliza kwa nini nimeshika kichwa, nikamweleza haya yote wakati wa chai, na akaniahidi kuomba jedwali.

Kalvati lilijengwa Septemba iliyofuata. Mzee hakualikwa kulifungua, kwa kuwa halikuwa na sherehe. Lori la kwanza la korosho lilipita Oktoba na mengine yakaendelea kupita hadi Januari, mvua zikinyesha. Kwenye kikao kilichofuata, Mwenyekiti alipofika ajenda ya tatu, alimtazama yeye kabla hajatazama mtu mwingine, akauliza kama ana lolote. Alikuwa nalo. Azimio la mwaka uliopita kuhusu nyumba ya mwalimu mkuu katika kata ya jirani, ambayo diwani wake alikuwa mgonjwa na hakuweza kuhudhuria.