Mke Yuko India, Modemu Haisikii Mlio: Kisa cha Mwalimu wa Area C

Majina yamehifadhiwa. Jamaa aitwe Mwalimu tu, maana ndivyo Area C nzima ilivyomwita, na mke abaki kuwa mke. Mwaka 2006 mke alikuwa Pune, India, anamalizia shahada ya pili. Mwalimu alikuwa Dodoma, anafundisha hisabati sekondari, analea binti wa miaka sita na kuhesabu miezi.

Wanaoikumbuka Dodoma ya mwaka ule hawahitaji kuhadithiwa sana. Mvua ziligoma, bwawa la Mtera likashuka, umeme ukawa wa mgao. Kupiga simu ya mkononi mpaka India kulikuwa kunakula vocha kama mbuzi aliyeingia shamba la mahindi. Siku moja Mwalimu alijikakamua, akaweka vocha ya maana, akapiga. Wakasalimiana, wakaulizana habari za mtoto, na walipofika kwenye jambo lenyewe akasikia, "Kwa hiyo wewe unaona ni..." halafu kimya. Salio limekwisha.

Jambo lenyewe lilikuwa hili: chuo kilimpa mke nafasi ya kuendelea na shahada ya udaktari, miaka mitatu mingine, na alitakiwa kujibu kabla mwezi haujaisha. Hakutaka kujibu peke yake. Barua pepe zilikuwepo, lakini kwenye jambo kama hilo barua pepe ni hatari, kila mmoja anasoma kile anachokiogopa. Mwalimu aliandika "fanya unavyoona inafaa", akidhani anampa mke uhuru. Mke akasoma kwamba hahitajiki tena nyumbani. Walioko kwenye ndoa wataelewa.

Wakakubaliana wachati, ana kwa ana, waulizane na kujibiana hapo hapo. Sasa saa ndiyo zikagoma. India iko mbele ya Tanzania kwa saa mbili na nusu. Mke alikuwa anapata kompyuta ya hosteli kuanzia saa nne usiku za kule, yaani saa moja na nusu jioni kwa Dodoma, na kafe ya intaneti aliyoizoea Mwalimu pale mjini ilikuwa inafunga saa moja kamili. Mara mbili alimbembeleza kijana wa kafe achelewe kufunga, mara zote mbili umeme ukakatika. Mara ya tatu Bunge lilikuwa mjini, na Bunge likikaa kila mtu anajua: gesti zinajaa, bei zinapanda, na kwenye kafe kila kiti kina mtu mwenye suti. Mwalimu akarudi nyumbani bila kuchati. Kesho yake akakuta ujumbe mfupi kuliko yote: "Naona jioni una watu wa kukaa nao. Ijumaa ya wiki ijayo nitakusubiri mara ya mwisho. Ukikosekana nitajibu ninavyojua."

Siku tisa.

Kompyuta nyumbani alikuwa nayo, ya mnada wa vitu chakavu vya ofisi. Windows yake ilishaliwa na virusi, na mwanafunzi mmoja wa Chuo cha Mipango alikuwa amemwekea Ubuntu 6.06. Zile CD zilikuwa zinatumwa bure mpaka kwenye sanduku lako la posta, hata stempu hulipi, kampuni ya yule Msauzi Mark Shuttleworth ndiyo inagharamia. Jina lenyewe ni utu huu huu wa kwetu, ila kwa lugha za kusini. Binti aliipenda kwa ile rangi yake ya kahawia. Alisema kompyuta imepigwa na vumbi la Dodoma.

Laini ya simu ilikuwa ya mama mwenye nyumba, nyumba kubwa, na simu yake ilikaa ndani ya kisanduku cha mbao chenye kufuli. Ufunguo ulikaa shingoni mwa mama. Mwalimu akaenda kumwangukia. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Hiyo kompyuta itapigaje simu wakati ufunguo ninao mimi?" Mwalimu akamweleza kwamba inachomekwa kwenye soketi ya ukutani, kisandukuni haipiti. Mama akanyamaza. "Kwa hiyo miaka yote hii kufuli langu ni pambo?" Lakini akakubali, kwa sharti kila dakika iandikwe kwenye daftari, na bili ikija daftari liwekwe mezani. Waya mrefu ukavutwa kupitia dirishani mpaka chumba cha Mwalimu uani.

Kumbe laini ilikuwa sehemu rahisi.

Ndani ya kompyuta kulikuwa na kadi ya modemu, ina tundu la simu na kila kitu. Mwalimu akaandika amri ya wvdialconf, ile inayotafuta modemu ilipo, ikamjibu samahani, hakuna modemu. Akarudia. Samahani. Kadi anaiona kwa macho, anaigusa kwa kidole, Linux inasema haipo. Kijana wa Mipango akamfungulia fumbo: kadi nyingi za ndani za miaka ile zilikuwa nusu modemu. Watengenezaji walibana gharama, kazi ya kubadili data kuwa sauti wakaitupia prosesa, na programu ya kuifanya hiyo kazi wakaiandikia Windows peke yake. Windows ikiondoka, kadi inabaki bati.

Kwa chipu yake ilikuwepo draiva ya Linux. Ya bure ilikuwa imebanwa kwenye spidi ya 14.4 kbps. Ukitaka 56 ulipie kwa kadi ya benki, mwalimu wa sekondari wa mwaka 2006 kadi ya kulipia mtandaoni angeitoa wapi? Halafu kichekesho chenyewe kilichowatesa wengi: ili modemu ikupe intaneti unahitaji draiva, na draiva iko kwenye intaneti. Kila jioni baada ya vipindi alikwenda kafe na flashi pamoja na daftari la mazoezi, akanakili amri kwa kalamu, akarudi Area C kuzijaribu. Ikigoma, kesho tena kafe. Mwandiko wake wa herufi l na namba 1 ulikuwa mmoja, jambo ambalo ubaoni halikuwahi kumletea shida, ila kompyuta haina mwanafunzi wa kukisia mwalimu alimaanisha nini. Siku nne zikaenda hivyo.

Siku ya tano akaachana na draiva. Kwa fundi mmoja wa kompyuta karibu na Jamatini akakuta modemu ya nje, kiboksi chenye taa nyekundu mbele na kebo ya siriali nyuma, kimelala chini ya vipuri. Zile za nje zilikuwa modemu kamili, zina ubongo wao. Alipoichomeka, wvdialconf ikaiona pale pale kwenye ttyS0. Binti akapiga makofi. Mwalimu akajaza namba ya simu ya kuunganishia, jina na neno la siri la akaunti aliyoinunua, akaandika wvdial, akabonyeza. Taa zikawaka. Spika ikatoa mlio wa laini, tuuu, kisha ikatulia. Kwenye skrini likaja neno: NO DIALTONE.

Yaani inasema hakuna mlio. Na mlio wameusikia wote watatu, pamoja na mama mwenye nyumba aliyekuwa amesimama mlangoni na daftari lake.

Siku mbili zikapita juu ya neno hilo. Alibadilisha waya, akapunguza spidi, akachezea faili la /etc/wvdial.conf mpaka akaliharibu na kuliandika upya. Mle ndani kuna kipengele kinaitwa Stupid Mode, yaani hali ya kijinga, nacho akakiwasha, kwa hasira zaidi kuliko kwa elimu. NO DIALTONE. Jirani akaanza kusema Mwalimu amerogwa na kibati. Wengine walisema mengine, kuhusu wake wanaosoma nje, na hayo hayana haja ya kurudiwa hapa.

Aliyemwokoa hakuwahi kugusa kompyuta maishani. Alikuwa mzee wa Kigogo, fundi laini mstaafu wa lile Shirika la Posta na Simu la kabla halijagawanywa mwaka 1994. Mama mwenye nyumba ndiye aliyemwita, kwa kudhani laini yake imeharibiwa. Ukitaka kujua umbali aliotoka mzee huyu, kumbuka mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na yeye wakati huo alikuwa tayari anapanda nguzo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbukwa. Mgonjwa yuko wapi?"

Hakuitazama kompyuta. Alianzia nje, ukutani, akafungua kiungio cha waya, akakuta shaba imeota kutu ya kijani, akaikwangua kwa kisu na kusokota upya. Akachomeka simu yake ya kupimia, akasikiliza macho yamefumba. "Laini nzima," akasema. Ndipo akaingia chumbani, akaomba modemu ipige asikie. Tuuu, kimya, NO DIALTONE. Akaomba tena. Mara ya tatu akauliza swali ambalo hakuna ukurasa wa intaneti uliokuwa umemuuliza Mwalimu.

"Huyu anasubiri mlio gani? Wetu au wa kwao?"

Mwalimu akabaki anamwangalia. Mzee akaeleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwalimu. Mlio wa kupigia si mmoja dunia nzima. Kila nchi ina wake, mwingine mzito, mwingine mwembamba, mwingine umechanganywa sauti mbili. Yeye akisikia mlio tu alikuwa anaweza kukuambia ni mtambo gani. "Kama huyu kafundwa Marekani, mlio wa Dodoma kwake ni kelele tu. Mwambie asisubiri. Apige tu."

Apige tu! Mwalimu akarukia daftari la mazoezi, akapekua. Ilikuwepo, kurasa nyingi nyuma, aliinakili siku ya kwanza bila kujua kazi yake: X3. Ukiiongeza kwenye amri ya kuiamshia modemu, inaacha kusubiri mlio na inapiga moja kwa moja. Herufi moja na namba moja. Akaongeza, akabonyeza. Namba zikapigwa, upande wa pili ukapokea, halafu ukaja ule wimbo ambao waliouishi hawausahau, filimbi, mkwaruzo, kama mvua juu ya bati. Mzee akainua kidole watu wanyamaze mpaka uishe. Skrini ikaandika CONNECT 28800.

Kurasa hazikufunguka, na kusema kweli hapo Mwalimu alikaribia kulia, lakini hiyo ilikuwa ndogo. Faili la resolv.conf halikuwa na anwani za seva za majina. Kijana wa Mipango akazijaza asubuhi yake. Ilikuwa Ijumaa.

Kuhusu Ijumaa yenyewe, mgao ulikuwa uanze upande wao saa tatu usiku. Saa moja na nusu Mwalimu alikuwa ameshakaa, programu ya Gaim imefunguliwa, jina la mke bado la kijivu. Saa mbili kasoro kumi likawaka.

Walianza vibaya. Mke aliuliza nani amemwandikia, maana hakuamini kwamba yuko nyumbani saa hizo. Mwalimu akaandika mambo ya modemu mistari kumi. Mke akajibu: "Sijauliza habari za modemu." Kimya. Ndipo Mwalimu akaandika lile alilolikwepa kwenye barua pepe zote: "Nataka urudi. Sikuandika kwa sababu niliogopa ungerudi, halafu unilaumu maisha yote."

Akabonyeza. Na mama mwenye nyumba, huko sebuleni, akafungua kufuli lake akanyanyua mkonga kumpigia mdogo wake.

Laini ikakatika. Mwalimu alitoka mbio uani bila viatu. Mama alipomwona akaushusha mkonga bila kuulizwa. Akapiga tena: bize. Tena: bize. Mara ya nne wimbo ukaimba, na Gaim ilipoingia, ujumbe wote uliotumwa wakati hayupo ukamwagika kwa mpigo. Ilikuwa kumi na miwili. Wa kwanza ulisema, "Umeandika hivyo halafu unakimbia?" Katikati ulikuwepo wa kuuliza kama mtoto mzima. Wa mwisho ulisema, "Nipo."

Walichati mpaka umeme ulipokatwa saa tatu juu ya alama, na walikuwa wameshamaliza. Mke aliomba chuo kimwahirishie mwaka mmoja, kikakubali. Alirudi mwezi wa tatu, akakaa, kisha akaenda kumalizia, safari hiyo na binti.

Modemu iliendelea na kazi kwa miaka kadhaa. Picha ya megabaiti moja ilikuwa inachukua kama dakika tano kushuka, unaona nywele kwanza, kidevu baadaye. Modemu ndogo za USB zilipokuja, Mwalimu alitumia faili lile lile la wvdial, akabadilisha namba ya kupiga tu ikawa *99#. Kile kiboksi chenye taa nyekundu alikiomba mzee, yuko nacho.

Bili ya mwezi ule ilikuja, daftari likawekwa mezani, dakika zikajumlishwa na mwalimu wa hisabati mwenyewe mbele ya mashahidi, ikalipwa. Mama mwenye nyumba akaondoa kufuli kwenye kisanduku cha simu. Wiki iliyofuata fundi seremala alikuja kutengeneza kisanduku kingine, kidogo, cha kufunika soketi ya ukutani.