"Anakuja na ndege ya saa ngapi?"

Msiba ukitokea Naliendele, maswali ya mwanzo hayakawii. Amefariki saa ngapi? Wa Dar wameshaambiwa? Halafu mzee mmoja aliyekaa kwenye mkeka, mara nyingi mjomba wa marehemu, huuliza lile ambalo shughuli yote ya siku hiyo inaligojea: huyo mtoto wa Dar anakuja na nini? Akijibiwa kwamba anakuja na ndege, swali linalofuata ni ndege ya saa ngapi. Hapo ndipo hupangwa kama maziko ni baada ya adhuhuri, baada ya alasiri, au yangoje kesho.

Naliendele ni kata ya Manispaa ya Mtwara Mikindani, nje kidogo ya mji, kwenye barabara iendayo Newala. Wengi nchini huijua kwa kituo cha utafiti wa kilimo, TARI Naliendele, na kwa mikorosho yake. Uwanja wa Ndege wa Mtwara nao uko kusini mwa mji, upande huohuo, kwa hiyo kwa mkazi wa huku ndege ni kitu cha jirani. Husikika ikiteremka, watoto wakainua vichwa, kuku wakaendelea kuparura. Kuipanda ndilo jambo jingine, na ndilo linalozungumzwa nyumbani kwa sauti ya chini, maana nauli yake ni mara kadhaa ya nauli ya basi.

Kuielewa hesabu hiyo kunataka kwanza kuijua barabara. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560, na mtu wa makamo wa Kusini hahitaji kusimuliwa zilivyokuwa. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko cha Ndundu, na masika yakikolea safari ilipimwa kwa siku. Wapo waliozaliwa njiani. Daraja lile, lenye urefu wa mita 970, lilipewa jina la rais aliyetoka hukuhuku Kusini, Lupaso wilayani Masasi, lakini hata baada yake kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwasumbua abiria kwa miaka mingine mingi kabla ya kuwekwa lami yote. Leo basi huchukua saa nane hadi kumi. Ni maendeleo makubwa, na mtu asiyekumbuka Ndundu asije akayadharau.

Ila barabara ya pwani ni moja. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilipokata barabara hiyo upande wa Somanga, mabasi na malori yalikwama kwa siku kadhaa huku mafundi wakijaza mawe kwenye makorongo. Njia ya kuzungukia Songea ipo, lakini ni ndefu kiasi kwamba anayekwenda kuzika hawezi kuifikiria. Siku zile, mwenye haraka ya kufika Mtwara alibaki na anga tu. Aliyekuwa na fedha ya tiketi alifika. Asiyekuwa nayo alifuatilia maziko ya wazazi wake kwa simu.

Kwa siku za kawaida hesabu ni ya saa. Mzazi akifariki Naliendele baada ya isha, mtoto aliyeko Mbagala anaweza kupanda basi la usiku na kufika asubuhi. Hilo lilikuwa haliwezekani kwa miaka mingi mabasi yalipokatazwa kutembea usiku, mpaka zuio lilipoondolewa mwaka 2023. Kifo kikitokea alfajiri, mambo hugeuka. Basi la asubuhi litamfikisha jioni, na kwa Waislamu, ambao ndio wengi katika pwani hii, maiti hailazwi bila sababu kubwa. Aliyebahatika kupata ndege ya asubuhi hufika kabla ya adhuhuri, akanawa uso, akakaa na wenzake. Aliyepata ndege inayotua saa tisa mchana huingia Naliendele watu wameshaanza kutia udhu. Hiyo ikichelewa saa moja tu, atakuta mchanga umeshafukiwa.

Kuchelewa huko kuna sababu ambayo abiria wengi hawaioni, nao hudhani ni uzembe wa hapohapo Mtwara. Mashirika yanayoihudumia njia hii, Air Tanzania na Precision Air, yote mawili makao yake ni Dar es Salaam. Ndege haikai Mtwara ikimngoja abiria kama bodaboda chini ya mwembe. Inatoka Dar, inaruka takriban saa moja, inashusha, inapakia, inarudi, kisha inatumwa mji mwingine. Ndege moja huweza kugusa miji mitatu minne kwa siku. Ukungu ukiizuia asubuhi mahali fulani, au fundi akiomba nusu saa ya kukagua tairi, nusu hiyo hutembea nayo kutwa nzima na kuongezeka njiani. Ndiyo maana ndege ya kwanza ya siku ndiyo yenye uhakika zaidi, na ya jioni ndiyo inayobeba madeni ya wengine. Mwenye msiba, au mwenye miadi ya daktari Muhimbili, akipata nafasi ya kuchagua, aichukue ya mapema.

Kwa mgonjwa wa Mtwara mpangilio huo una kasoro moja. Kwa kuwa ndege huanzia siku yake Dar, hata ile ya mapema lazima ije kwanza ndipo irudi. Mzazi aliyepewa miadi ya mtoto Muhimbili saa mbili asubuhi hawezi kulala kwake Naliendele akafika kwa wakati. Atasafiri siku moja kabla, atafute pa kulala kwa ndugu, na kesho yake apambane na foleni. Gharama ya ndege kwa mtu wa mikoani haishii kwenye tiketi.

Je, uwanja mpya haukubadili kitu? Ulibadili. Serikali ilitumia zaidi ya shilingi bilioni 50 kuukarabati na kuupanua. Njia ya kurukia iliyokuwa na urefu wa mita 2,258 sasa ni mita 2,800, upana umeongezwa kutoka mita 30 hadi 45, na taa zimewekwa ili ndege ziweze kutua usiku. Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua Septemba 2023, katika ziara yake ya Mtwara. Taa hizo ndizo zenye maana kubwa kuliko zote kwa familia, ingawa zulia la lami ndilo linalopigwa picha. Uwanja usio na taa hufunga jua likizama, na ratiba nzima hubanwa kwenye saa za mchana.

Hata hivyo uwanja haurushi ndege. Lami ya mita 2,800 inasema ndege gani inaweza kuja. Haisemi itakuja mara ngapi. Hilo huamuliwa na viti. Dash 8 Q400 ya Air Tanzania, zile za mapanga ambazo mbili za kwanza ziliwasili Septemba 2016 shirika lilipofufuliwa, ina viti 76. Airbus A220 ya shirika hilohilo ina viti 132. Mtu wa ratiba pale Dar hujiuliza: abiria wa Mtwara kesho watajaza ipi? Wakipungua, safari mbili huunganishwa kuwa moja, na hapo ndipo mtu hupigiwa simu kwamba ndege yake ya asubuhi sasa ni ya alasiri. Ndege kubwa huja na fahari, lakini ikichukua nafasi ya ndogo mbili, kijiji hakijaongezewa viti na kimepoteza saa. Kwa familia yenye maziko, ndege mbili ndogo, moja ya asubuhi na moja ya jioni, ni bora kuliko kubwa moja ya mchana.

Hata yanayotokea mbali hufika Naliendele. Kuanzia mwaka 2022, hitilafu za injini za Pratt & Whitney, kampuni ya Marekani, zilizilaza chini A220 kadhaa katika mashirika mbalimbali duniani, za Air Tanzania zikiwemo. Ratiba za ndani zikapunguzwa. Mama anayefungasha unga wa muhogo na korosho za kumpelekea mwanawe Dar hana habari na injini hizo, lakini zilimgusa.

Mji kama Mtwara una abiria wa vipindi. Korosho zikianza kuingia maghalani, kuanzia Oktoba, wanunuzi, maofisa wa benki na watu wa vyama vya ushirika hujaa kwenye ndege. Shule zikifungwa Juni na Desemba, watoto wa Dar hurudishwa kwa bibi zao, na ndipo jando na unyago huchezwa. Gesi ya Mnazi Bay na kiwanda cha saruji cha Dangote vimeongeza mafundi na wageni. Katikati ya vipindi hivyo viti hubaki wazi. Shirika linalotazama faida peke yake litaongeza safari msimu wa fedha na kupunguza msimu wa njaa, na kufa hakuna msimu.

Tatizo hilo si la Kusini peke yake. Kule Ireland, mkoa wa Donegal uko pembeni kabisa kaskazini magharibi, hauna reli, na safari ya barabara hadi mji mkuu Dublin ni ya saa nyingi. Abiria wake hawatoshi kulivutia shirika kwa biashara tupu, basi serikali hutangaza zabuni na kulilipa shirika fidia kwa sharti kwamba lirushe idadi fulani ya safari, kwa saa zinazomwezesha mtu kwenda Dublin na kurudi siku hiyohiyo. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu fidia ya namna hiyo kwa maeneo ya pembezoni. Tanzania imechagua njia nyingine: serikali yenyewe inanunua ndege na kulikodisha shirika lake. Zote mbili ni fedha za umma. Tofauti ni kwamba mkataba wa Donegal unataja saa. Mbunge wa Kusini anayesimama bungeni kuomba ndege zaidi angefanya vizuri aombe saa.

Na ratiba yote hii inatazama kaskazini. Ndugu wa Wamakonde walioko ng'ambo ya Ruvuma, upande wa Palma, hawanufaiki nayo hata kidogo. Wao huja kwa kivuko au mitumbwi ya Kilambo, karibu na mlango wa mto, ambako kuvuka hutegemea maji kujaa, na tangu machafuko ya Cabo Delgado yaanze mwaka 2017 hata hilo limekuwa na woga wake. Katika msiba mmoja wa Naliendele wanaweza kungojwa watu wawili, mmoja anayetegemea mtu wa ratiba na mwingine anayetegemea bamvua.

Mzazi anayemkatia mtu tiketi kwa mara ya kwanza ana mtego mmoja wa kuukwepa, nao ni saa. Tiketi huandikwa kwa saa za kizungu. 07:40 ni saa moja na dakika arobaini asubuhi. 13:20 ni saa saba na dakika ishirini mchana. Bibi akisomewa kwa simu "saa saba na dakika arobaini" atafika uwanjani mchana na beseni lake la dagaa, ndege ikiwa imeshatua Dar, imeondoka tena, na pengine iko Mwanza. Mtumie ujumbe kwa saa za Kiswahili, uongeze neno asubuhi au mchana. Kaunta hufungwa nusu saa au zaidi kabla ya kuruka, na ndege haina kondakta wa kumwomba akushikie kiti kwa kuwa uko njia panda. Mtoto chini ya miaka miwili hupakatwa kwa nauli ndogo, lakini lazima aandikwe kwenye tiketi, na cheti chake cha kuzaliwa kisiachwe kabatini. Mama mjamzito mwenye ujauzito mkubwa aulize mapema kuhusu barua ya daktari. Namba ya simu iliyoandikwa kwenye tiketi iwe ya mtu anayepokea simu, maana saa ikibadilishwa ndiyo itakayopigwa. Ikiwa tiketi imekatwa na kijana wa mjini kwa namba yake, na kijana amezima simu, bibi hatajua.

Wengine Naliendele wamebuni utaratibu wao. Ukoo wenye watoto Dar huchanga mfuko mdogo baada ya kuuza korosho, usioguswa kwa ada wala harusi, wa kumpandisha ndege mmoja tu siku ikitokea. Nani awe huyo mmoja ndiyo kazi. Kifungua mimba hudai haki yake, kitinda mimba hulia zaidi, na mjomba ndiye anayeamua. Wengine hupanda basi, wafike jioni kwa dua.

Basi siku ikifika, simu hupigwa Mbagala kabla jua halijachomoza. Anayeondoka huiacha stendi ya mabasi ya Kusini karibu na mlango wake, akakimbilia upande wa pili wa jiji, uwanja wa Julius Nyerere, akiwa na begi moja. Naliendele vijana wameshachukua majembe. Kaburi linachimbwa polepole, mtu anapumzika, mwingine anapokea. Mzee kwenye mkeka ananyamaza, anasikiliza angani upande wa kaskazini, kisha anamuuliza aliye karibu naye kama ile ni ndege au ni lori la saruji kwenye barabara ya Newala.