Kikapu Chetu Mjini Bruxelles

Wasafiri wengi warudio kutoka Ulaya hutuletea habari za majumba makubwa na taa za barabarani. Sisi leo twawaletea habari za kikapu na sufuria.

Tulikuwa wageni wa shangazi yetu mjini Bruxelles, upande wa Ixelles. Tangu kufiwa na mume wake, shangazi alikuwa ameacha kupika. Alikula mkate na jibini tu, akisema kwamba sufuria ya mtu mmoja haina furaha. Basi Jumamosi moja, siku tusiyokuwa na shughuli, tulimwomba atupeleke sokoni.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi kituoni Porte de Namur, tukashuka kituo cha tano, Clemenceau. Karibu na hapo ni soko la Abattoirs la Anderlecht, lifunguliwalo Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Langoni wasimama fahali wawili wa shaba, na ukumbi wake wa nguzo za chuma ni wa mwaka 1890. Wachuuzi hupaaza sauti kwa Kifaransa na Kiarabu, na saa ya kufunga ikikaribia bei hushuka. Kwa hiyo hatukuwa na haraka. Tulinunua nyama, vitunguu, na mboga ya wenyeji iitwayo witloof, maana yake jani jeupe. Mizizi yake hung'olewa shambani, kisha huoteshwa tena gizani. Kwa kuwa majani hayakuona jua, hubaki meupe, na uchungu wake huwa mdogo.

Kutoka huko tulirudi Ixelles, tukaingia Matonge, mtaa uliopata jina la ule wa Kinshasa. Katika maduka ya Chaussée de Wavre tuliona ndizi za kupika, samaki wakavu, mawese, na sombe iliyogandishwa kwa barafu.

«Mama, sombe hii yatoka shamba gani?» tuliuliza.

«Shamba langu ni friji hii, wanangu,» akajibu mwenye duka, akicheka.

Sombe hiyo huuzwa ikiwa imekwisha kutwangwa, na hilo ni jambo kubwa. Majani mabichi ya muhogo yana sumu. Ndiyo sababu mama zetu huyatwanga na kuyachemsha kwa muda mrefu. Lakini ni nani atakayetwanga kinu katika nyumba ya ghorofa, juu ya kichwa cha jirani?

Jikoni tulikaanga witloof kwa siagi pamoja na nyama. Sombe ilichemka polepole, na shangazi alikaa kitini akitazama dirishani. Tulipotia mawese na samaki, harufu ikajaa nyumba nzima. Hapo akasimama, akafunga kitambaa kiunoni.

«Leteni mwiko,» akasema. «Bukari ni kazi yangu.»

Tulikula mpaka jioni. Sombe iliyobaki aliigawa katika vikopo vitatu, na juu ya kila kimoja akaandika siku ya juma.